Varanasi au Haridwar? Kwa mwenye nafasi ya kuuona mto Ganga mara moja

Waliowahi kumsindikiza mgonjwa Delhi wanajua kwamba sehemu kubwa ya safari ile ni kungoja. Unangoja majibu ya vipimo, unangoja tarehe ya upasuaji, kisha unangoja daktari amruhusu mgonjwa kupanda ndege. Mwanafunzi naye ana likizo ya wiki moja, mfanyabiashara anasubiri mzigo wake ukamilike. Katika siku hizo za katikati ndipo watu huulizana: mto Ganga tukauone wapi? Kwa Wahindu wa Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Kampala swali hilo ni zito zaidi, maana wapo wanaosafiri wakiwa wamebeba majivu ya mzazi, na hawaendi kutazama mandhari.

Miji miwili ndiyo hutajwa kwanza: Varanasi, ambao wenyeji wanauita Banaras na mahujaji wanauita Kashi, na Haridwar. Mto ni uleule na ibada zinafanana, lakini anayedhani atapata kitu kilekile popote atakapoenda atarudi na maswali. Haridwar unaiendea kwa ajili ya maji. Varanasi unaiendea kwa ajili ya mji wenyewe, pamoja na vifo vyake. Ninachokuomba ni ujue moyo wako unatafuta lipi kabla hujakata tiketi.

Njia na muda

Haridwar iko kaskazini mwa Delhi, kama kilomita 220. Treni ya haraka ya asubuhi inakufikisha baada ya saa nne na nusu au tano, na gari la kukodi halitofautiani sana barabara ikiwa wazi. Ukiondoka leo alfajiri unaona arati ya jioni, ibada ya moto kando ya mto, unalala, unaoga mtoni asubuhi, na kesho usiku uko Delhi kando ya mgonjwa wako. Uwanja wa ndege wa karibu ni Jolly Grant wa Dehradun, lakini kwa anayetoka Delhi treni inatosha.

Varanasi iko kusini-mashariki, kama kilomita 800. Treni ya Vande Bharat, iliyoanza safari zake mwaka 2019, inachukua takriban saa nane. Zipo pia treni za usiku, na ndege ya saa moja na nusu hivi. Kwenda Varanasi kwa usiku mmoja ni kupoteza pesa. Mji ule unahitaji siku mbili kamili, na tatu ni bora, kwa sababu siku ya kwanza kelele, pikipiki na vichochoro vinakuchosha kiasi kwamba huoni chochote.

Mwezi Desemba na Januari ukungu mzito hutanda tambarare yote ya Ganga. Treni huchelewa kwa saa nyingi na ndege huahirishwa. Usipange kurudi kutoka Varanasi siku ileile ya miadi ya hospitali au ya ndege ya kurudi nyumbani. Hata Haridwar acha nafasi ya siku moja.

Maji

Haridwar ni pale Ganga inapoiacha milima ya Himalaya na kuingia tambarare. Maji ni ya baridi, hata wakati wa joto kali, na yanakwenda kasi. Katika ngazi za mawe za Har Ki Pauri, ambazo ndizo moyo wa mji, minyororo ya chuma imefungwa kando ya maji ili anayejitumbukiza awe na cha kushika. Tafadhali ishike, hata kama wewe ni mtoto wa pwani uliyekulia baharini. Mkondo ule haufanani na mawimbi. Hauvuti na kurudisha, unachukua tu.

Maji yanayopita Har Ki Pauri huja kwa njia iliyochepushwa kutoka mto mkuu. Baada ya njaa kubwa ya 1837 na 1838, Waingereza waliamua kuchimba mfereji wa kumwagilia nchi iliyo kati ya mito ya Ganga na Yamuna. Kazi iliongozwa na mhandisi Proby Cautley na mfereji ukafunguliwa mwaka 1854. Msafiri anahitaji kulijua hili kwa sababu kila mwaka, kuanzia sikukuu ya Dussehra hadi karibu na Diwali, kwa muda unaokaribia wiki tatu, mfereji hufungwa ili usafishwe na kukarabatiwa. Maji ya Har Ki Pauri hupungua sana, na utawaona watu wakitembea kwenye kitanda cha mto wakiokota sarafu zilizorushwa na mahujaji mwaka mzima. Sikukuu hizo kwa kawaida huangukia Oktoba na nusu ya kwanza ya Novemba, wakati ambapo hali ya hewa ni nzuri na wageni wengi hupanga safari. Aliyetoka Arusha kwa ajili ya kuoga pale akikuta mchanga ataumia, kwa hiyo angalia kalenda.

Varanasi mto ni mpana na mtulivu. Hapo Ganga inageuka na kutiririka kuelekea kaskazini, kana kwamba inarudi kwenye chanzo chake, na Wahindu wanaliona hilo kuwa ni baraka ya pekee. Mji wote umejengwa ukingo wa magharibi, ukitazama mawio. Ng'ambo hakuna majumba, ni mchanga mtupu. Ngazi za mawe zinazoteremka hadi majini, ziitwazo ghati, zimepangana zaidi ya themanini kwa urefu unaokaribia kilomita saba, na juu yake yanasimama majumba ya wafalme wa zamani, mahekalu na nyumba za wageni. Haridwar haina mandhari hiyo, wala sijui mji mwingine ulio nayo.

Usafi ni habari nyingine. Kabla ya kufika Varanasi, mto umepita Kanpur yenye viwanda vya ngozi, ukapita Prayagraj, na umepokea majitaka ya mamilioni ya watu njiani. Serikali ya India ilianzisha mpango wa Namami Gange mwaka 2014 kuusafisha, na mitambo ya majitaka imejengwa, lakini maji ya Varanasi si ya kunywa wala ya kusukutulia. Ya Haridwar ni safi zaidi kwa kuwa yametoka mlimani karibuni, ila nayo si ya kunywa. Mwenye imani atakayetaka kujitumbukiza nina heshima kwake na sina la kumwambia. Lakini mwenye kidonda cha upasuaji, au aliyepandikizwa figo na anatumia dawa za kushusha kinga ya mwili, asiingie majini popote pale. Anyunyizie vidole tu, na hata hilo amuulize kwanza daktari wake. Na jambo la adabu: usiseme "maji machafu" mbele ya mahujaji. Kwao Ganga ni mama, tena wanamwita hivyo, Ganga Ma.

Arati ya jioni

Arati ni ibada ya kuuabudu mto kwa moto jua linapozama, na katika miji yote miwili hufanyika kila siku, bila kiingilio.

Ya Varanasi, katika ghati ya Dashashwamedh, ni kubwa na imepangiliwa. Makuhani vijana, kwa kawaida saba, wamevaa mavazi ya hariri na kusimama kila mmoja kwenye jukwaa lake. Wanainua uvumba, kisha taa za shaba zenye ndimi nyingi za moto, wote wakigeuka kwa pamoja kufuata wimbo na kengele. Inachukua kama dakika 45. Unaweza kukaa kwenye ngazi, ukifika saa nzima kabla, au kutazama ukiwa ndani ya mashua. Mimi napendekeza mashua kwa mara ya kwanza: unawaona makuhani uso kwa uso, na husukumwi.

Ya Haridwar ni fupi na haina majukwaa. Makuhani wanasimama kwenye ngazi za chini kabisa, kando ya maji, wakishika mitungi ya moto inayowaka kwa nguvu kiasi kwamba mikono yao hufungwa kitambaa kibichi. Umati unakaa pande zote mbili za mkondo, na wimbo unaimbwa na watu wote, bibi, mtoto, mwanajeshi aliye likizoni. Halafu kila familia inaweka mtoni kibakuli cha majani chenye maua na utambi unaowaka. Kule Varanasi vibakuli hivyo huelea polepole na kukaa machoni kwa muda mrefu. Haridwar mkondo unavinyakua na ndani ya sekunde chache vimekwenda.

Ukiniuliza ipi inavutia zaidi kwa macho, nitasema ya Varanasi. Ipi inahisiwa kama sala, nitasema ya Haridwar. Varanasi kuna pia ibada ya alfajiri katika ghati ya Assi, iliyoanza 2014, yenye muziki wa asili na yoga, na watu ni wachache. Anayeogopa msongamano aende hiyo.

Wakati wa arati, hasa Haridwar, watapita watu wenye vitabu vya risiti wakiomba mchango. Toa kama umependa, kiasi unachoweza. Kukataa kwa upole, huku umeunganisha viganja kifuani, kunakubalika.

Manikarnika

Hapa ndipo tofauti ya miji hii ilipo kwa kweli. Haridwar nako maiti huchomwa, lakini kando, mbali na ngazi za mahujaji. Varanasi kifo kiko katikati ya mji, hadharani.

Katika ghati ya Manikarnika mioto ya maiti huwaka mchana na usiku. Wahindu wanaamini kwamba anayefia Kashi, mungu Shiva mwenyewe humnong'oneza sikioni neno la kumvusha, na roho yake huachana na mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Ndiyo maana zipo nyumba ambamo wazee na wagonjwa huletwa na jamaa zao kusubiri siku ya mwisho. Ukiwa kichochoroni utasikia sauti zikija, "Ram naam satya hai", jina la Ram ndiyo kweli, na wanaume wakipita haraka na machela ya mianzi mabegani, maiti imefunikwa kitambaa kinachong'aa. Jibanze ukutani uwapishe.

Mtoni maiti huchovywa majini kwanza. Kuni hupimwa kwa mizani mikubwa na kulipiwa kwa uzito, kwa hiyo aina ya kuni na wingi wake vinategemea uwezo wa familia. Mfiwa mkuu, mara nyingi mwana wa kiume wa kwanza, ananyolewa nywele na kuvaa nguo nyeupe. Moto haletwi na yeye; huchukuliwa kwa watu wa jamii ya Dom, walinzi wa moto ule kizazi hadi kizazi, jamii iliyodharauliwa kwa karne nyingi na ambayo bila hiyo hakuna tajiri wala brahmani, mtu wa tabaka la makuhani, atakayevuka. Baada ya saa tatu hivi, mfiwa anarusha chungu cha maji juu ya bega lake, kinapasuka kwenye majivu, naye anaondoka bila kugeuka nyuma. Kwa desturi wanawake hubaki nyumbani. Watoto wachanga na watawa waitwao masadhu hawachomwi, huzamishwa mtoni.

Kwetu sisi tunaozika, mtu anaweza kutishika. Mimi naona kuna utulivu mkubwa pale, na watu hawapigi mayowe. Lakini nasema hili kwa msisitizo: kama umefiwa karibuni, au mgonjwa uliyemwacha Delhi yuko mahututi, usiende Manikarnika. Nenda Haridwar. Moyo una kiasi chake, na Varanasi hairuhusu mtu kuchagua atazame nini.

Kama unakwenda, usipige picha, hata ukiwa ndani ya mashua, hata kijana fulani akikwambia kwa malipo kidogo inaruhusiwa. Kuna pia wanaojitambulisha kama wahudumu wa wagonjwa maskini na kukutaka ununue kilo za kuni kwa bei ya kutisha. Fadhila ya kweli haidaiwi kwa vitisho, ondoka kimya. Tazama kwa mbali, muda mfupi, kisha uwaachie wafiwa nafasi yao.

Kwa aliyebeba majivu

Ndugu zangu Wahindu wa Afrika Mashariki wanaijua mila hii kuliko mimi, lakini vijana waliozaliwa Nairobi au Leicester, Uingereza, huniuliza, nami nasema ninachokijua. Kutawanya majivu na vipande vya mifupa kunafanyika miji yote miwili. Prayagraj nayo, ambako Ganga na Yamuna zinakutana, ni mahali penye hadhi kubwa. Huko ndiko majivu mengi ya Mahatma Gandhi yalikozamishwa tarehe 12 Februari 1948. Kutoka Varanasi ni mwendo wa kama kilomita 120, na wanaotaka ibada za mababu kwa ukamilifu huunganisha Prayagraj, Varanasi na Gaya katika safari moja.

Haridwar ina kitu ambacho kwa familia zilizohamia mbali kina thamani isiyopimika. Makuhani wa ukoo, waitwao panda, wanatunza vitabu virefu vya kukunja vyenye majina ya familia zilizokuja pale kwa vizazi: nani alikuja, mwaka gani, kwa kifo cha nani, alikuwa na watoto wangapi. Vitabu vimepangwa kwa kijiji cha asili na ukoo. Kwa hiyo mjukuu wa mtu aliyevuka bahari wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda, 1896 hadi 1901, reli ambayo vibarua wake wengi walitoka Punjab, akifika akiwa na jina la kijiji na la ukoo, anaweza kumpata panda wa familia yake na kuona mwandiko unaomtaja babu wa babu yake. Kisha naye huandikwa, pamoja na waliozaliwa na kufa ng'ambo. Watu wa Punjab na kaskazini wamekuwa wakija Haridwar kwa kazi hii kwa karne nyingi. Waulizeni wazee jina la kijiji kabla hamjaondoka nyumbani. Bila hilo, utafutaji unakuwa mgumu mno.

Beba cheti cha kifo na cheti cha kuchomwa maiti, na wasiliana na shirika la ndege mapema kuhusu jinsi ya kufunga chombo. Kiasi cha sadaka ya kuhani kubalianeni kabla ibada haijaanza, kwa maneno wazi. Ukiwa umeshika chungu cha majivu ya mama yako huna nguvu za kubishana bei.

Kwa kazi hii nachagua Haridwar bila kusita, isipokuwa kama marehemu mwenyewe alitaja Kashi.

Asiye Mhindu aingie wapi

Varanasi ghati ziko wazi kwa kila mtu. Hekalu kuu la Kashi Vishwanath, ambalo jengo lake la sasa lilijengwa mwaka 1780 na Malkia Ahilyabai Holkar, lina ulinzi mkali. Msikiti wa Gyanvapi umepakana nalo, na kesi kuhusu eneo hilo ziko mahakamani. Simu, begi na hata kalamu huachwa kwenye makabati nje. Mgeni aende na pasipoti halisi. Tangu Desemba 2021 kuna njia pana kutoka hekaluni hadi mtoni, imepunguza msukumano uliokuwa vichochoroni.

Haridwar kuna kanuni za manispaa za enzi za Waingereza zinazowazuia wasio Wahindu katika Har Ki Pauri. Kwa miaka mingi watalii wa kila dini wameketi pale na kutazama arati, lakini taasisi za kidini za mji zimekuwa zikidai kanuni hizo zitekelezwe. Uliza hotelini siku hiyohiyo hali ikoje, na ukiambiwa hapana, usilazimishe. Unaweza kwenda Rishikesh, kilomita 25 tu kutoka hapo, ambako arati ya ashram (makao ya watawa) ya Parmarth Niketan inapokea wageni kutoka dunia nzima.

Mwislamu anayesafiri atajisikia nyumbani zaidi Varanasi. Mji una Waislamu wengi, wakiwemo wafumaji wa hariri ya Banarasi wa mitaa kama Madanpura, na misikiti na chakula halali vinapatikana bila shida. Ustad Bismillah Khan, mpuliza shehnai maarufu kuliko wote India, alikuwa Mwislamu wa Banaras na alipiga zumari lake mahekaluni na kando ya Ganga hadi alipofariki mwaka 2006. Haridwar nyama, mayai na pombe vimepigwa marufuku katika eneo takatifu, kwa hiyo jiandae na dengu, mboga, chapati na maziwa, vizuri sana kwa kweli. Jirani, karibu na Roorkee, iko Piran Kaliyar, kaburi la Sheikh Alauddin Sabir wa tariqa ya Chishti, wa karne ya 13, ambako Waislamu na Wahindu huzuru kwa pamoja.

Pembeni ya mto

Kutoka Varanasi, kilomita kumi hivi, kuna Sarnath, mahali Buddha alipotoa mahubiri yake ya kwanza. Makumbusho yake yanahifadhi kichwa cha simba wanne cha nguzo ya Mfalme Ashoka, ambacho ndicho nembo ya taifa la India na kiko kwenye kila noti uliyoshika tangu ulipotua. Makumbusho hufungwa Ijumaa. Baada ya vichochoro vya mjini, bustani za Sarnath zinapumzisha.

Haridwar una Rishikesh, mji wa yoga na milima, ambako Beatles walikaa mwaka 1968. Ashram waliyokaa ni magofu yenye michoro, na wageni huingia kwa tiketi. Kuna pia kushuka mto kwa mtumbwi wa mpira, ila husimamishwa miezi ya mvua. Mjini Haridwar vilima viwili vyenye mahekalu ya Mansa Devi na Chandi Devi hupandwa kwa gari la kamba. Usiende siku ya sikukuu wala Jumapili: Julai 2025 watu walikufa kwa kukanyagana kwenye njia ya kupandia Mansa Devi.

Miezi

Oktoba hadi Machi kunafaa pande zote, ukikumbuka mfereji na ukungu niliotaja. Aprili hadi Juni Varanasi huzidi nyuzi 40 na mawe ya ghati yanaunguza nyayo. Haridwar kuna joto pia, lakini unaingia majini. Julai hadi Septemba ni mvua. Varanasi mto hupanda na kumeza ghati, mashua huzuiwa, arati huhamishiwa juu ya mapaa na hata maiti huchomwa sehemu za juu. Mgeni wa mara ya kwanza asiende wakati huo. Haridwar, kati ya Julai na Agosti, huja hija ya Kanwar, mamilioni ya vijana wakibeba maji ya Ganga kwa miguu kurudi makwao. Barabara ya Delhi hufungwa au kubanwa kwa siku nyingi. Hija kubwa ya kuoga mtoni iitwayo Ardh Kumbh imepangwa Haridwar mwaka 2027, nayo italeta umati ambao mzee au mgonjwa hawezi kuuhimili.

Kama una uhuru wa kuchagua usiku mmoja tu wa mwaka kwa Varanasi, chagua Dev Deepavali, mwezi mpevu wa Novemba hivi, ghati zote zinapowashwa taa za udongo. Hoteli hujaa mapema sana.

Mzee, mtoto, magoti mabovu

Haridwar ni rafiki kwa mzee. Bajaji inakufikisha karibu na mto, ngazi ni chache, na majukwaa ni mapana. Varanasi ngazi ni nyingi, zimeinuka kwa ukali, na vichochoro vya mji wa kale haviingii gari. Mzee anaweza kuufurahia mto kwa mashua ya alfajiri kutoka Assi, ambako kushuka ni rahisi kidogo, na hiyo mashua ya alfajiri ndiyo kitu bora kuliko vyote Varanasi: jua linatoka upande wa mchanga, kuta zote za mji zinakuwa za dhahabu, na watu wanaoga, wanafua, wanasali, wote kwa pamoja. Bei ya mashua kubalianeni mkiwa bado nchi kavu, na useme ni kwa mashua nzima au kwa kichwa.

Karatasi zako: mtu anayetoka Kenya, Uganda au Kongo atatakiwa kuonyesha cheti cha chanjo ya homa ya manjano anapoingia India. Baadhi ya nyumba ndogo za wageni hazipokei wageni wa nje, kwa kuwa kila mgeni lazima asajiliwe kwa mamlaka, hivyo hakikisha kabla ya kulipa.

Mwenye siku sita anaweza kuona miji yote miwili, na zipo treni za usiku za moja kwa moja kati yao. Aanze Haridwar, azoee ibada na umati kwa upole, kisha ashuke na mto hadi Varanasi. Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla ya safari na nafasi za kulala huisha haraka. Usipopata mtandaoni, nenda na pasipoti yako kwenye ofisi ya watalii wa nje iliyo ghorofa ya kwanza ya stesheni ya New Delhi, uulize nafasi zilizotengwa kwa wageni.